Sweta la Kijani kwenye Fungu la Tatu

Shughuli nzima ilinigharimu masweta kumi na mawili, makoti mawili, vitenge tisa na shemeji mmoja. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili shemeji ndiye aliyetoka ghali kuliko vyote. Masweta ningeweza kupata mengine; nimeyauza maisha yangu yote, kwanza Makambako, kisha hapa Njombe. Shemeji wa namna ile hafungwi kwenye belo.

Ninyi vijana wa mitumba mliniambia, "Mzee, umestaafu lakini kila siku uko hapa benchini kwetu. Tuandikie basi kurasa mbili tatu za kazi, tujifunze." Mlitaka niwaandikie namna ya kuchagua mali. Nitawaandikia, msiwe na shaka. Ila anayewaandikia ni mgane, na mgane akianza kueleza habari za masweta haendi mbali kabla hajafika kwa mke wake. Mnivumilie. Mtachagua wenyewe cha kuchukua, kama wateja wenu wanavyowafanyia.

Tuanze na sweta lenyewe. Sweta halipimwi kwa kiganja. Kiganja chetu kimekufa kwa kamba za mabelo, hakijui tena kutofautisha sufu na nailoni. Lipime shingoni, chini ya sikio, ambako ngozi bado ina akili. Kisha tazama kwapa, maana kifua cha nguo kinaweza kukudanganya na kwapa halidanganyi. Vuta pindo la mkono, uachie; likirudi haraka, lina maisha; likibaki limelegea kama mdomo wa mlevi, liweke pembeni. Mwisho linyanyue juani utazame viwiko. Nguo zote hufa kuanzia viwikoni.

Mteja naye hapimwi kwa uso. Tazama mkono wake. Uso utasema nguo mbaya, bei mbaya, na wewe mwenyewe mbaya, lakini mkono ukirudi kwenye sweta lilelile mara ya pili, huyo amenunua, bado tu hajajiambia. Anayesifia hana pesa. Anayetukana nguo ndiye wa kumwekea kiti. Na pale Makambako, kama mnavyojua, upepo ni mbia wako. Mabasi yalikuwa yakisimama, wanashuka watoto wa shule kutoka Dar es Salaam na fulana zao nyembamba, na wazazi waliowasindikiza wakiwa wamevaa kandambili. Mtu anayetetemeka meno habishani sana. Mimi nilikuwa nawapunguzia hata kabla hawajaomba, wakaniona mtu mwema. Wema wenyewe nilikuwa nimeshauweka ndani ya bei.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mkinga tuliyekuwa tunamwita Mzee Henga, kwa sababu alikuwa mwembamba kama henga ya kutundikia koti, na mabega yake yalisimama hivyohivyo hata bila koti. Alinichukua Dar es Salaam mara ya kwanza kununua mali ya jumla. Tukasimama mbele ya mabelo mawili. Mimi kwa utoto wangu nikalishika la kushoto, nikasema, "Mzee, hili ndilo." Alinikanyaga mguu mpaka nikaona giza. Akageukia la kulia, akaanza kulibishania, akalipiga teke, akamwita mwenye duka mwizi, jasho likamtoka, na mwisho akashusha pumzi kama mtu aliyeshindwa: "Haya basi, nipe hata hili la kushoto, nisirudi mikono mitupu." Njiani kurudi akaniambia, "Wewe kijana, usimwonyeshe mtu unachokitaka. Siku akikijua, bei inapanda."

Nilimsikiliza. Nilimsikiliza kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Foibe, mke wangu, nilimpata kwenye meza yangu ya Makambako. Alikuja kutoka Mdandu kumnunulia sweta la shule mdogo wake, Yusta, na Yusta mwenyewe alikuwa amemshika mkono, kamasi zinamtoka kwa upepo. Nikataja bei. Foibe hakusema ghali, hakusema rahisi. Alinyamaza, akalitazama kwapa. Nikapunguza. Akavuta pindo. Nikapunguza tena. Akalinyanyua juani. Kwa kweli sijui hadi leo nilikuwa najadiliana na nani, maana yeye hakufungua mdomo, na sweta likaondoka kwa bei ambayo Mzee Henga aliponiuliza nilimdanganya. Wiki iliyofuata akarudi, uzi umefumuka begani. Nikamwambia nitakushonea. Akanitazama ninavyoishika sindano, akaninyang'anya.

Huo ndio ukawa mgawanyo wetu wa kazi kwa miaka yote: mimi mdomo, yeye sindano. Mali ikifika nyumbani, yenye vifungo pungufu inakwenda kwake, yenye viwiko vilivyotoboka inakwenda kwake. Kuna mwaka nilifungua belo lililoandikwa masweta, ndani nikakuta nguo za kuogelea. Belo zima! Makambako, mwezi wa sita, watu wamevaa makoti mawilimawili! Wenzangu sokoni walikuja kuangalia kama wanakwenda kuona ajali. Mimi nilikaa juu ya ndoo, nikashika kichwa. Foibe alikuja, akachukua moja, akaivuta, akaiachia, ikarudi paa! Akasema, "Baba, hizi ni mapindo." Akazikata vipande, akavitia kwenye mikono ya masweta yote yaliyolegea. Mwaka ule niliuza masweta yenye mapindo ya rangi ya machungwa na ya waridi, na wanawake wa Ludewa waliokuwa wakipita pale walidhani ndiyo mtindo mpya, wakayaulizia msimu uliofuata. Mkipata hasara, vijana, kabla ya kulia hebu mwonyesheni mtu mwenye sindano.

Alianza kwa kukohoa. Sitawaeleza yaliyofuata, hayana mafunzo. Tulimzika hapa Njombe, asubuhi ya ukungu, watu wanasikika bila kuonekana.

Sasa nifike kwenye kosa.

Kwetu, nguo za marehemu hugawiwa na ndugu zake wa damu baada ya matanga. Mume anakaa pembeni na wazee, hashiki kitu, na mwishoni anaachiwa nguo moja ya kukumbukia, wanayomchagulia wao. Ndivyo ilivyo. Siku hiyo ndugu zake Foibe walitakiwa kufika asubuhi kutoka Mdandu. Mvua ikawachelewesha. Nguo zilikuwa zimetolewa kwenye sanduku na kuwekwa ukumbini kwenye mkeka, lundo, mikono ya masweta imejisokota ndani ya vitenge. Nilikuwa peke yangu na lundo lile. Nililitazama kwa muda. Kisha mikono yangu ikaanza kazi.

Sikuituma. Nawaambia ukweli, ilianza yenyewe, kama mguu wa fundi cherehani unavyoendelea kukanyaga baada ya uzi kukatika. Nikakung'uta. Nikatazama makwapa. Nikapanga: fungu la kwanza, yaliyo mazima, la pili, ya kati, la tatu, ya kudekia na kufungia mbegu. Makoti mawili nikayatundika kwenye henga mlangoni, mabega yakae vizuri. Tangu mazishi nilikuwa sijavuta pumzi ikafika chini, na pale, nikiwa nimepiga magoti kwenye mkeka, ilifika. Kwa mara ya kwanza nilijua cha kufanya.

Na palikuwa na sweta moja la kijani. Yusta alimfumia dada yake alipomaliza mafunzo ya ushonaji; lilikuwa sweta lake la kwanza, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Foibe alilivaa kila asubuhi akiwasha moto, mpaka viwiko vikatoboka. Hilo ndilo nililolitaka. Sikutaka wanichagulie kitenge kipya cha kuweka kabatini. Nililitaka hilo, na ninyi mnajua tunavyofanya tukitaka kitu kisichukuliwe: nililiweka fungu la tatu, nikalisukuma chini kabisa. Mteja mzuri hainami.

Walipoingia walikuta nyumba ya msiba imekuwa meza ya Makambako.

Mama mdogo wa marehemu, bibi mwenye masihara yake, akaokota sweta la kahawia kwenye fungu la pili, akasema, "Hili nalo limekwisha."

"Limekwisha wapi, mama?" nikasikia mdomo wangu unasema. "Tazama kwapa. Vuta pindo. Hilo bado lina miaka mitano."

"Ehee! Na bei je, mkwe?"

"Kwa wewe tutaelewana."

Watu wakacheka. Kile kicheko cha msibani kinachotoka kwa sababu kilizuiwa siku nyingi. Hata mimi nilicheka. Yusta hakucheka. Alikuwa ameshafika fungu la tatu, na yeye aliinama.

"Hili fungu ni la nini?"

Jirani mmoja akajibu kwa niaba yangu. "Hayo si ya kudekia?"

Yusta akatia mkono, akapekua, akavuta sweta la kijani. Akalikunjua mbele ya kifua chake, ule mkono mrefu ukaning'inia.

"Shemeji. Hili nililifuma mimi."

"Najua."

"Unajua. Na umeliweka hapa." Akalitazama, akanitazama. "Unamuuza dada yangu kwa mafungu?"

Ningesema: nililificha kwa sababu nalitaka mimi. Maneno matano. Nimeyahesabu mara mbili tangu siku ile, na zaidi ya mara mbili. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mtu aliyesimama mbele yangu ndiye aliyeshika kitu ninachokitaka, na miaka yote ile ya sokoni ikanikanyaga mguu. Nikasema, "Viwiko vimetoboka."

Yusta hakupiga kelele. Alitandika shuka, akaweka fungu la kwanza, la pili na la tatu, akashusha na makoti kwenye henga, akafunga fundo. Mzee wa kanisa akamwambia, "Binti, mwachie basi mgane nguo moja." Akajibu, "Anazo nyingi sokoni." Wakaondoka na mvua ileile.

Nilibaki na henga mbili mlangoni.

Mtu akikwambia upweke ni ukimya, huyo hajawahi kuwa mpweke. Nyumba yangu hapa mtaa wa Ramadhani ina kelele: redio ya jirani, mashine ya kusaga, bodaboda. Upweke ni kusonga ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haujui kipimo kingine, kisha kula nusu ya pili kesho yake, umepoa, kwa sababu kutupa chakula ni hasara. Ni kuona kitu cha kuchekesha sokoni, ukakibeba mpaka nyumbani, ukafika nacho. Wanangu wako mbali, wanapiga simu, "Baba, umekula?" Nimekula, wanangu. Nimekula mara mbili.

Ndiyo maana nashinda benchini kwenu. Nilikuwa nimeacha kazi kwa sababu ya magoti, na kwa kweli biashara yenu siielewi vizuri. Mnapiga sweta picha, mnalituma, mtu wa Songea analilipia hajaligusa. Nani ananusa? Nani anavuta pindo? Lakini mkipata mali mpya mnanipa niipime shingoni, mnacheka, na mimi nafahamu kwamba asubuhi hiyo nimefanya kitu. Siku nyingine kitu chenyewe ni kukunja tu masweta ambayo mteja ameyavuruga. Unakunja moja, unakunja la pili, unafika la mwisho, na saa nne imefika bila kukuuma. Sikujua kabla kwamba kukunja nguo kunaweza kumshikilia mtu. Ningemwambia Foibe, angesema alilijua siku zote.

Kilichonitoa Njombe kwenda Mdandu ni kovu. Foibe alikuwa na kovu dogo chini ya kidevu. Asubuhi moja nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata palepale, nikajiuliza yeye alilipataje. Aliwahi kuniambia. Nilijua aliwahi kuniambia. Nikatafuta kichwani, nikakuta ng'ombe, lakini sikuwa na hakika na yule ng'ombe. Nikakaa kitandani na povu usoni. Mimi maisha ya Foibe niliyapata kuanzia Makambako. Ya kabla ya hapo, utoto wote, wazazi, nyumba ya kwao, aliyebaki nayo duniani ni mtu mmoja tu, naye alikuwa ameondoka na shuka lake bila kuniaga. Nikikosana na Yusta moja kwa moja, nusu ya mke wangu inakwenda naye. Hapo ndipo nilipoelewa hasara yenyewe. Nguo zilikuwa za nyongeza.

Nikaenda. Nilimkuta uani kwake anapukuchua mahindi.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mgeni." Hakusema shemeji. "Umekuja kununua au kuuza?"

"Nimekuja kukaa."

"Kukaa ni bure. Kaa."

Nikavuta kigoda, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua. Alinipa nafasi ya kuzungumza na sikuitumia. Nilisema habari za mvua, nikasema habari za bei ya mbolea. Akaitikia zote kama karani. Mpaka vidole vikaanza kuniuma, nikatazama mahindi badala ya uso wake, nikayasema yale maneno matano.

Hakuacha kupukuchua. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Na mbele za watu ulisema viwiko."

"Viwiko vilikuwa vimetoboka kweli, Yusta."

Kicheko kilimponyoka, akakikamata njiani, akafuta macho kwa mkono wenye makapi. "Wewe mtu," akasema. "Kwa nini hukuniomba? Mimi nilikuwa nimeshaamua hilo ni lako. Nimetoka nalo moyoni huku Mdandu, nikasema hilo ni la shemeji, wengine wagawane mengine. Nafika, nalitafuta juu, halipo. Naliona chini ya matambara."

Nilikuwa nimekibishania kitu nilichokuwa nimeshapewa.

"Basi nipe," nikasema. Lilitoka vibaya, kama kikohozi, lakini lilitoka.

"Halipo, shemeji." Hapo ndipo aliponiita shemeji. "Nilirudi na hasira. Nikasema kama ni tambara, na liwe uzi. Nililifumua lote."

Akaingia ndani, akatoka na donge la uzi wa kijani, akaniwekea mapajani. Nililishika. Nikalipeleka shingoni, kisha puani. Lilinukia sabuni.

"Uzi ukifumuliwa una mikunjo," akasema taratibu. "Lazima uuoshe, uuanike na kitu kizito, ndio unyooke. Ningejua..."

"Si kitu."

"Ni kitu."

"Ndiyo," nikasema. "Ni kitu."

Tukapukuchua gunia zima. Nilimuuliza habari ya kovu. "Ng'ombe gani?" akasema. "Kwetu kulikuwa na ng'ombe? Alianguka kwenye kisiki akimkimbiza nguruwe wa mchungaji. Alikudanganya kwa sababu ya aibu. Nguruwe mwenyewe, yeye ndiye aliyemfungulia zizini." Nikacheka mpaka nikashika mbavu, na nilipogeuka nimweleze Foibe kwamba nimemgundua, nikakuta gunia la mahindi.

Wakati wa kuondoka Yusta alichukua donge lake, akalipima kwa mkono. "Sweta halitoki tena hapa. Viwiko na mapindo vilikufa, uzi haufiki. Itatoka kofia, au skafu fupi, au soksi jozi moja. Chagua."

"Chochote tu, shemeji."

"Chochote sifumi."

"Wewe ndiye fundi, angalia mwenyewe."

"Nimeshaangalia mwenyewe mara moja, na umeona tulikofika. Sema unachotaka. Jumamosi uje unilipie kwa jibu, ndipo nianze."

Basi huko ndiko niliko, vijana wangu. Nimehesabu mara mbili. Kofia itavaliwa kichwani, kila mtu sokoni ataiona na kuuliza, na itabidi niwajibu. Skafu inakaa shingoni, na baridi ya hapa mnaijua. Soksi zinaingia kwenye viatu, hakuna atakayejua ninazo, na kila nikipiga hesabu mkono wangu unarudi kwenye soksi, ndiyo maana siziamini. Mkipita benchini kabla ya Jumamosi, nishaurini: kofia, skafu, au soksi? Na mkinisikia nawajibu kwamba yoyote itafaa, msinikubalie. Nirudieni mpaka niseme.